Uzi: Vaito saini wodini, na hiyo pumzi inayoandikwa 20 kwa kila mgonjwa

NesiUyole (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe na Kyela. Mimi ni nesi, nipo wodi ya watu wazima hapa Mbeya, hospitali siitaji kwa sababu ninachotaka kusema kipo kwenye wodi nyingi sana na sio shida ya sehemu moja.

Chukua faili lolote la mgonjwa aliyelazwa siku nne tano, fungua ile chati ya vaito, yaani vipimo vya joto, presha, mapigo na pumzi. Joto utaona linapanda linashuka, 37.8, 36.9, 38.4, sawa. Presha inabadilika. Mapigo yanabadilika. Sasa shuka kwenye mstari wa pumzi: 20, 20, 20, 18, 20, 20. Asubuhi 20, usiku 20, ana homa 20, hana homa 20, siku ambayo daktari kaandika mgonjwa anahema kwa shida napo 20. Hakuna binadamu anayepumua hivyo. Hiyo namba haikuhesabiwa, imeandikwa tu ili chumba kisibaki wazi, na mimi naona ni hatari kuliko kuacha wazi, maana chumba kikiwa wazi anayekuja zamu inayofuata anajua hapa hapajapimwa, lakini akikuta 20 anaamini mgonjwa yuko sawa.

Na kinachoniuma ni kwamba katika vaito zote hiyo pumzi ndio mara nyingi inaanza kubadilika kabla ya nyingine. Mwili ukianza kuharibikiwa ndani, iwe maambukizi yameingia kwenye damu, iwe kichomi, iwe mgonjwa wa kisukari ambaye damu yake imekuwa na asidi, iwe anavuja damu tumboni, njia moja ya haraka ya mwili kujitetea ni kuongeza pumzi, unatafuta oksijeni zaidi na unatoa kaboni dayoksaidi ili asidi ipungue. Presha bado iko 120 kwa 75, anaongea na wewe, anakuuliza ndugu zake wameleta uji, lakini anapumua 26. Huyo mtu sio mzima. Presha yake itashuka baadaye, pengine masaa mengi baadaye, na ikishashuka ndio utaona watu wanakimbia na dripu.

Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Kwenye ile mizani ya Waingereza inayoitwa NEWS, waliyoitoa mwaka 2012 wakaiboresha 2017, pumzi 21 mpaka 24 peke yake inampa mgonjwa pointi 2, ikifika 25 ni pointi 3, na kipimo kimoja kikishatoa pointi 3 hata kama vingine vyote viko vizuri daktari anatakiwa ajulishwe haraka. Jumla ikifika 5 ni dharura inayohitaji daktari aje amuone, 7 na kuendelea ni emejensi kabisa. Sio kila hospitali yetu inatumia hiyo mizani lakini mantiki yake unaweza kuitumia popote ulipo.

Sasa namna ya kuhesabu, na hapa naongea na wa nyanda za juu haswa. Mwezi wa sita na wa saba mgonjwa kalala kajifunika mablanketi matatu, juu ana kitenge, chini ana sweta, kifua hukioni kabisa. Ukimfunua anatetemeka na ukimwambia nahesabu pumzi zako anaanza kupumua kwa kujilazimisha. Unafanya hivi: shika mkono wake kama unapima mapigo, ulaze juu ya kifua chake au juu ya tumbo huku bado umeushika kwenye kifundo cha mkono, halafu malizia mapigo yako, usiachie mkono, endelea kuangalia saa. Mkono wako unapanda na kushuka pamoja na kifua, yeye anajua bado unapima mapigo. Hesabu dakika nzima. Kupanda na kushuka ni pumzi moja, sio mbili. Mambo ya kuhesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne ndio yanaleta hizo 16 na 20 kila siku, ukikosea pumzi moja tu umekosea nne.

Na ukiwa unahesabu usiangalie namba tu. Anapumua kwa kina kirefu kama mtu aliyetoka kukimbia wakati kalala? Anatumia misuli ya shingo? Anaweza kumaliza sentensi moja bila kukata? Andika hayo pembeni, yana thamani kubwa kwa daktari wa usiku.

Nitaendelea na mapigo, presha na joto kadri maswali yatakavyokuja. Karibuni.

kijana_wa_fildi

Asante sana sista. Mimi ni mwanafunzi niko mwaka wa pili diploma, fildi niko mkoa wa Iringa. Shida yetu ni hii, unakuta wodi ina wagonjwa karibu arobaini, mashine ya presha ni moja na kafu yake, ule mkanda wa kufunga mkononi, inavuja hewa, nesi yuko mmoja na wanafunzi wawili, inchaji anataka vaito zote ziwe kwenye mafaili kabla raundi ya madaktari haijaanza saa mbili na nusu. Ukihesabu dakika nzima kila mtu hutoboi. Sasa tufanyeje kwa hali hiyo, maana darasani tunaambiwa hivi na wodini tunakuta vile?

NesiUyole

Mdogo wangu swali lako ni la msingi na sitakujibu kwa maneno ya darasani.

Kwanza fanya hesabu, wagonjwa arobaini kwa dakika moja moja ni dakika arobaini, mkiwa watatu mkagawana ni kama robo saa kwa kila mmoja. Muda mwingi hauliwi na pumzi, unaliwa na kuzunguka kutafuta mashine, kutafuta peni, kutafuta faili. Kwa hiyo mmoja atangulie na saa yake tu, apime pumzi na mapigo ambayo hayahitaji kifaa chochote, mwingine afuate na mashine ya presha na kipimajoto.

Pili, wagonjwa hawako sawa. Kabla hujagusa mtu pita wodi nzima ukiangalia kwa macho, dakika tatu zinatosha. Nani ameingia usiku, nani katoka tiata jana, nani ana oksijeni, nani jana alikuwa anakaa leo kalala kalegea, nani ndugu zake wanakwambia hakulala. Hao anza nao na wapime kikamilifu. Yule anayesubiri ruhusa ya kurudi nyumbani, ambaye kaenda mwenyewe bafuni, yeye hata ukichelewa hakuna kitakachoharibika.

Tatu, na hili nakuomba ulishike mpaka unastaafu, kama hujapima andika haikupimwa na sababu. Kafu mbovu, andika kafu mbovu. Inchaji anaweza kuchukia asubuhi hiyo lakini ripoti yenye kafu mbovu imeandikwa mara nyingi ndio inayosaidia kafu mpya inunuliwe, wakati chati iliyojaa 120/80 inamwambia kila mtu kwamba mashine inafanya kazi vizuri.

Mbena wa Makambako

Mimi kwa upande wangu naona mnakuza mambo, nesi mzoefu akimuangalia mgonjwa tu anajua huyu hali mbaya huyu hali nzuri. Mama yangu mdogo kafanya kazi zahanati miaka mingi na hakuwa na hizo mizani za Uingereza na watu walipona.

NesiUyole

Kaka nakuheshimu na namheshimu mama yako mdogo, jicho la nesi mzoefu ni kipimo kweli na kuna mizani nyingine duniani wameliingiza kabisa, nesi akiwa na wasiwasi na mgonjwa hata kama namba ziko sawa anaruhusiwa kumuita daktari. Sibishani na hilo.

Lakini jicho lina mipaka yake. Mzee anayetumia atenolol au propranolol kwa ajili ya presha, moyo wake umefungwa breki na dawa, anaweza akavuja damu au akapata maambukizi makali na mapigo yasipande, yakabaki 78, ukimuangalia katulia na ukishika mkono mapigo mazuri. Pumzi ndio itamsema. Kuna bibi mwenye maambukizi kwenye damu ambaye hapandishi homa kabisa, joto lake 35.6, watu wanasema bibi hana homa huyu, kumbe joto chini ya 36 kwa mtu mzima anayeumwa inaweza kuwa dalili mbaya kama homa yenyewe au zaidi. Na kijana mkulima au mchezaji mpira kule Mafinga ana mapigo 52 akiwa amelala, huyo ni mzima, ukimkuta ana 95 kwake hiyo ni nyingi sana ingawa kitabu kinasema 60 mpaka 100 ni kawaida. Jicho haliwezi kukwambia jana alikuwa 52. Chati iliyoandikwa kwa ukweli ndio inakwambia.

Kwa hiyo ninachokipigania ni kumfananisha mgonjwa na yeye mwenyewe wa jana na wa asubuhi. Namba moja peke yake haisemi mengi. Mapigo 84 kisha 92 kisha 101 kisha 110, hapo kila namba ukiitazama peke yake unaweza kuitetea, ukiziweka kwenye mstari mmoja unaona kabisa huyu mtu anakwenda wapi.

Mkunga_Rungwe

Naomba niongezee upande wa leba kwa sababu huko ndio haya mambo yanaua kimyakimya.

Mama akishajifungua na akaanza kutoka damu nyingi, mwili wake unavumilia sana, ujauzito umemuongezea damu kwa hiyo presha inaweza kubaki nzuri wakati kashapoteza kiasi kikubwa. Msisubiri presha ishuke. Chukua mapigo gawanya kwa presha ya juu, yaani ile namba ya kwanza ya presha. Mama mwenye mapigo 80 na presha 120 unapata kama 0.7, safi. Mama mwenye mapigo 118 na presha 110 kwa 70, ukiangalia presha unasema nzuri, ila ukigawanya unapata 1.07, na kwa mama aliyejifungua ikifika 0.9 tu inabidi ushtuke. Hesabu hiyo unaifanya kwenye simu hata kichwani, ikiwa mapigo yamekaribia au yamepita presha ya juu usibaki peke yako, ita watu. Pia pima damu yenyewe, usikadirie kwa macho, ule utafiti wa E-MOTIVE uliofanyika Kenya, Naijeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, matokeo yakatoka 2023, walitumia shuka la plastiki lenye alama za vipimo pamoja na matibabu yanayotolewa yote kwa mpigo, na akina mama waliotoka damu nyingi kupita kiasi wakapungua sana.

La pili ni kifafa cha mimba. Presha 140/90 baada ya wiki 20 za ujauzito tayari ni habari, 160/110 ni hatari ya sasa hivi. Mama anapewa magneziamu salfeti, sawa. Sasa dawa hiyo ikizidi mwilini inalegeza misuli mpaka ya kupumulia, ndio maana kabla ya kila dozi inayofuata unatakiwa uhakikishe vitu vitatu, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, ukigonga goti mguu uruke, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa kwa masaa manne yaliyopita. Rudini kwenye ile 20 ya mleta uzi. Mama kaanza kupumua 12, aliyekuwepo zamu kaandika 20, anayefuata anaona 20 anapiga dozi. Mnaelewa kwa nini tunasema hii sio makaratasi? Na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzimua magneziamu ikizidi, iwe imewekwa karibu, sio imefungiwa stoo na funguo anayo mtu aliyeko nyumbani.

NesiUyole

Mkunga umemaliza kabisa, hiyo ya dozi ya magneziamu naomba kila mwanafunzi anayesoma hapa aisome mara mbili.

Mdau wa Makete

Wakuu mimi sio wa afya ila nina swali. Tulinunua kale kamashine ka kubana kidoleni ka kupima oksijeni wakati wa korona, mama yangu ana miaka 70 na kitu, tunaishi Makete kule juu baridi kali. Nikimpima inasoma 91, saa nyingine 89, halafu nikimpima tena 94. Yeye yuko sawa anatembea anapika. Nimpeleke hospitali au kamashine ni kabovu?

NesiUyole

Asante kwa swali, na kwa kumjali mama. Hapa kuna mambo matatu yamekaa pamoja.

La kwanza ni mwinuko. Kyela pale ziwani uko kama mita 500 juu ya bahari, Mbeya mjini ni kama 1,700, Makete sehemu nyingi zinapita 2,000 na ukipanda Kitulo unavuka 2,600. Hewa ya Mbeya ina mgandamizo wa kama asilimia 80 tu ya ule wa Dar, kwa hiyo oksijeni inayoingia kwenye damu inapungua kidogo kadri unavyopanda, mtu mzima wa afya ambaye Dar angesoma 98 huku juu anaweza akasoma 94 au 95, Kitulo ikawa chini ya hapo. Hata Shirika la Afya Duniani kwa watoto wanasema kwa kawaida oksijeni ianze ikiwa chini ya 90 ila kwa wanaoishi juu ya mita 2,500 kizingiti kinaweza kushushwa mpaka 87. Kwa hiyo 92 ya Makete sio sawa na 92 ya Kyela. Mgonjwa akitoka Kyela na 92 mimi nashtuka.

La pili ni baridi. Vidole vikiwa vya baridi damu haifiki vizuri kwenye ncha na kamashine kanasoma chini au kanarukaruka. Mwambie mama aingize mikono kwapani au ashike kikombe cha chai ya moto dakika kadhaa, akae, asiongee, mkono utulie juu ya paja, toa rangi ya kucha kama ipo, weka kidole na usubiri mpaka namba isimame, isiwe ile ya kwanza inayotokea. Angalia pia mapigo kanayoonyesha yanafanana na ya kuhesabu mkononi, kama hayafanani usiamini na ile nyingine. Na tujue pia kwamba utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2020 ulionyesha vifaa hivi kwa watu weusi vinaficha upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi kuliko kwa wazungu, yaani vinasoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo usitulie sana kwa namba inayokaribia mpaka wakati mgonjwa anahema.

La tatu na naomba ulisome taratibu. Je mnalala na jiko la mkaa ndani? Kipindi cha baridi watu wengi huku juu wanaingiza jiko chumbani wanafunga dirisha. Ile hewa ya sumu ya mkaa inakamata damu mahali pa oksijeni, na kamashine ka kidoleni hakawezi kutofautisha, katasoma 98, 99, wakati mtu anakufa. Mtu aliyekutwa asubuhi amelegea, kichwa kinauma, anatapika, ndani kuna jiko, usimpime kidole ukasema yuko vizuri, mtoe nje kwenye hewa na umkimbize hospitali apewe oksijeni, na useme kuna jiko lilikuwa ndani, hilo usisahau kusema. Wengine waliolala chumba hicho nao waende.

Kwa mama, mpashe mikono kwanza umpime akiwa ametulia, siku mbili tatu. Kama anabaki chini ya 90 mikono ikiwa ya moto, au pumzi zake zinapita 24, au anachoka zaidi ya mwezi uliopita, au midomo inabadilika rangi, mpeleke usisubiri. Hata akirudi juu ya hapo, mtu wa miaka 70 na kitu anastahili kupimwa kifua na moyo, hasa kama amepikia kuni ndani maisha yake yote.

Mdau wa Makete

Ubarikiwe sana sista. Jiko huwa tunaingiza kweli. Leo linatoka.

Mama_Wawili

Samahani na mimi, presha. Kila nikienda hospitali naambiwa 158, 162, nyumbani nikipimwa na mwanangu 132. Niamini ipi? Nimeshaandikiwa dawa naogopa kuanza.

NesiUyole

Mama shikamoo. Zote mbili zinaweza kuwa za kweli, kuna watu presha inapanda kwa kuona tu koti jeupe, ila kabla hatujasema hivyo tuangalie ilivyopimwa. Umeshuka daladala, umepanda kilima mpaka geti la hospitali, umekaa kwenye benchi halina mgongo, mkojo umekubana kwa sababu foleni ni ndefu, unaitwa, unaingia huku unaeleza shida zako, kafu inafungwa juu ya sweta, mkono unaning'inia. Kila kimoja katika hivyo kinaongeza. Kaa kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote chini isipishane, mkono uwe wazi bila nguo na uegemee meza usawa wa moyo, usiongee na anayepima asikuongeleshe, na nusu saa kabla usinywe kahawa. Mkono ukining'inia presha inasoma juu. Sweta ikikunjwa kwa nguvu mpaka bega inabana mkono na inaharibu kipimo, bora uvue upande mmoja ujifunike kitenge mabegani. Na kama una mkono mnene kafu ndogo itakupa presha ambayo huna, omba kafu kubwa, ni haki yako.

Nyumbani pima asubuhi kabla ya dawa na jioni, mara mbili mbili kila wakati ukipishanisha dakika moja, siku saba, ziandike zote hata mbaya, tupa za siku ya kwanza halafu tafuta wastani. Kwa nyumbani wastani ukiwa 135/85 au zaidi hiyo ni presha, hospitali tunatumia 140/90. Peleka hilo daftari pamoja na mashine yako kliniki walinganishe na yao. Dawa usiamue mwenyewe, wala kuanza wala kuacha, mpelekee daktari hizo namba muongee. Na ukipata 180 kwa 120 huku kifua kinauma, au macho yanaona giza, au mkono umekuwa mzito, acha daftari nenda moja kwa moja.

kijana_wa_fildi

Sista nimerudi, leo nimejaribu ile ya mkono juu ya kifua. Mgonjwa mmoja jana ameandikwa 20 mimi nimepata 28, nimerudia nimepata 27, ana homa 38.2 na mapigo 112. Nimemwambia sista wa zamu, daktari kaja kasikiliza kifua kaagiza picha na ameanzishiwa dawa ya sindano. Nashukuru sana. Maswali yangu mawili, mapigo yakiwa hayana mpangilio nayahesabuje, na vipi watoto wachanga maana kesho nahamia wodi yao.

NesiUyole

Safi sana, na umefanya vizuri kurudia kabla ya kuripoti. Ona pia zinavyosomwa pamoja, homa ya nyuzi moja zaidi huwa inaongeza mapigo kama 10 hivi, homa peke yake ingeeleza sehemu ya zile 112 lakini pumzi 28 zinakuelekeza kifuani. Kinyume chake ukikuta homa 39.5 na mapigo 76 kwa mtu ambaye hatumii dawa za moyo, mkumbushe daktari taifodi.

Mapigo yasiyo na mpangilio, dakika nzima tena, na usiishie mkononi. Weka stetoskopu kifuani chini ya ziwa la kushoto uhesabu hapo, mwenzio ahesabu mkononi kwa wakati mmoja, moyo unaweza kupiga 120 na mkononi zikafika 96 tu, andika zote mbili. Mashine ya kielektroniki kwa mgonjwa huyo inadanganya hata presha, tumia ya kusikiliza. Papasa kwanza mkononi ukijaza hewa ujue mapigo yanapotelea wapi, ongeza 20 au 30 juu ya hapo, kisha achia polepole milimita 2 au 3 kwa sekunde, na uandike ulichosikia, kama ni 134 iwe 134 isigeuke 130.

Wachanga, kitu cha kwanza ni joto na ndio adui wa huku kwetu. Kawaida kwapani ni 36.5 mpaka 37.5. Chini ya 36.5 kichanga ameshapata baridi, mvue mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, soksi, wafunikwe pamoja, rudia kupima baada ya saa moja au kabla. Asipopata joto, au hanyonyi, au amelegea, usidhani ni baridi ya Iringa tu, inaweza kuwa maambukizi, ita daktari. Pumzi hesabu kwa kuangalia tumbo akiwa ametulia hanyonyi halii, dakika nzima kwa sababu vichanga wanasimama kidogo wanaendelea. Chini ya miezi miwili ni 60 au zaidi ndio haraka, na ukiipata rudia kuhesabu. Miezi 2 mpaka 11 ni 50, mwaka mmoja mpaka mitano ni 40. Mtoto ambaye kifua kinabonyea kwa ndani chini ya mbavu akivuta hewa huyo hasubiri uhesabu, beba peleka kwenye oksijeni.

Kipimajoto cha paji la uso usikitumie kwa kichanga aliyetoka kubebwa nje kwenye ubaridi wa asubuhi, tumia cha kwapani, bana mkono wake mpaka kilie. Na kabla hujaingia wodi hiyo kesho tafuta saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, simu wodi ya watoto wachanga hairuhusiwi kushikwa ovyo.